Inchi Tatu Alizoongezewa Glenda

Kiangazi cha mwaka 2010, mtu aliyetaka kumpandisha Glenda Ostrander mori hakuhitaji kumtukana wala kumkanyaga mguu. Alihitaji kumtajia gurudumu tu.

Si kwamba Glenda alikuwa mgeni wa magurudumu. Alikuwa dereva wa greda la kaunti. Wakati wa theluji yeye ndiye aliyefungua barabara ya kupanda Silver Fork kabla basi la shule halijapita, na theluji ikishayeyuka alisawazisha barabara za changarawe zilizochimbwa na mvua. Magurudumu ya greda hilo yalimfikia puani. Glenda hakujaliwa urefu. Alikuwa futi tano kasoro inchi moja, na hiyo ni pamoja na viatu. Lakini alikuwa na mabega ya mtu aliyezoea kuvutana na vyuma, na maneno aliyatoa kwa kipimo, kama mtu anayegawa sukari isiyotosha.

Alizaliwa bonde lile lile. Baba yake alichimba fedha mpaka mgodi ukafungwa, wenzao wakafunga virago wakaenda Denver, wao wakabaki. Glenda akakua akizishuka kwa baiskeli njia ambazo zamani punda walishushia mawe ya madini, tena kwa baiskeli ya kusambazia magazeti, isiyo na breki za maana. Miaka mingi baadaye watu wa mjini walipogundua kwamba baiskeli inaweza kupanda mlima, wakaja na kaptura zao za kubana na miwani ya rangi, Glenda aliwatazama kama unavyomtazama mgeni anayekusimulia habari za nyumba yako mwenyewe.

Baiskeli yake ya milimani ilikuwa nyekundu, ya chuma, yenye fremu ndogo, na magurudumu yake yalikuwa ya inchi ishirini na sita. Enzi hizo hakuna aliyetaja inchi. Zote zilikuwa ishirini na sita; kuitaja ilikuwa sawa na kusema kuku wako ana miguu miwili. Juu ya baiskeli hiyo Glenda alikuwa mtu mwingine. Kwenye zile kona za kukunjana, ambapo njia hujigeuza na kurudi ilikotoka, yeye alikiinua kidogo kisigino cha baiskeli, yaani gurudumu la nyuma, akakitupa upande alioutaka, na kabla hujamaliza kusema "angalia" alikuwa ameshakwenda.

Mumewe Verne alikuwa mwalimu wa hisabati mstaafu, futi sita na inchi tatu. Aliyewagawia hao wawili urefu hakutumia rula. Hawakuwa na watoto, na kanisani walikwenda kwenye mazishi tu. Walichokuwa nacho ni Jumatano. Kila Jumatano jioni, kiangazi kizima, kikundi cha watu wa Silver Fork kilipanda pamoja hadi kwenye mnara wa mgodi wa zamani, kisha kikashuka kwa njia ya msituni mpaka darajani, na wa kwanza kufika darajani ndiye aliyewasha jiko la soseji. Nyumbani, Glenda na mumewe walizungumza habari za bomba linalovuja na mbwa wa jirani. Mlimani walicheka. Ndoa yao, kwa kusema kweli, ilikuwa ikiishi mlimani na kurudi nyumbani kulala.

Ndiyo maana Verne alipoanguka, Glenda aliogopa sana. Ilikuwa pale wanapopaita Meno ya Bibi, mteremko wa mawe yaliyojipanga ovyo kama jina lenyewe linavyosema, na chini yake kuna kona kali. Gurudumu la mbele la Verne liliingia katikati ya mawe mawili likagoma kutoka. Baiskeli ikasimama, Verne akaendelea. Alivunjika mtulinga. Mfupa uliunga vizuri. Kilichokataa kuunga ni moyo. Aliporudi mlimani alikuwa kila akifika Meno ya Bibi anashuka, anaikokota baiskeli jiwe kwa jiwe, nyuma ya wote, uso umemwiva kwa aibu. Wenzake, kwa adabu, walikwenda zao darajani wakajitia hamnazo.

Glenda hakwenda. Baba yake Verne aliacha kuvua samaki siku alipoteleza mtoni mara moja, akahamia kwenye kiti mbele ya redio, na kiti hicho hakukitoka tena mpaka alipotolewa na watu wanne. Glenda alikijua kiti hicho. Kilikuwa bado kipo gereji. Kwa hiyo alikuwa akishuka Meno ya Bibi na kusimama chini. Na ili Verne asije akajua kwamba anasubiriwa, aliipindua baiskeli yake magurudumu juu na kuanza kulihangaikia tairi la mbele: analibonyeza, analizungusha, anachomoa pampu. Verne akitokeza kwenye kona, yeye husonya na kusema, "Hili tairi nalo!" Na Verne, uso ukimtulia, husema, "Pole, mke wangu. Twende." Wanapanda, wanakwenda. Viangazi viwili vilipita hivyo, na hakuna aliyewahi kutaja lolote.

Kisha zikaja za inchi ishirini na tisa.

Aliyezileta ni Delmar Pugh, mwenye duka la baiskeli, mtu mnene mcheshi anayeamini kwamba kila tatizo la binadamu lina kifaa chake. Alimwazima Verne moja ajaribu. Jumatano hiyo Glenda alikuwa chini ya Meno ya Bibi na pampu yake mkononi, akasikia mngurumo, akainua macho akamwona mumewe anakuja. Hakuikokota. Alikuwa amekaa juu yake! Lile gurudumu kubwa lilipita juu ya mawe kama halikuyaona, Verne akaimaliza kona, akasimama, akapiga ukelele uliowafikia watu wa darajani. Glenda aligeukia mti akafuta macho kwa glavu. Gurudumu kubwa lilimrudishia mumewe. Hilo hakulikana siku ile, na hajalikana hata leo.

Tatizo lilianza nyumbani. Mtu akiokoka peke yake, vizuri. Shida ni anapoanza kuhubiri.

"Tazama," Verne alisema jioni moja mezani, akasimamisha sahani kubwa na kisosi, mbele yake akalaza kijiko. "Kijiko ni jiwe. Kisosi kinakuja... kinakwama. Umeona? Sasa sahani inakuja. Inapita. Ni pembe tu, Glenda. Duara likiwa kubwa, pembe ya kukutana na jiwe inakuwa ya kulala."

"Verne, hiyo sahani ina mchuzi."

"Sahani si hoja."

"Hoja ni kitambaa changu cha meza."

Alihubiri kwenye gari. Alihubiri wakipiga mswaki. Alimhubiria daktari wa meno huku ana vyuma mdomoni. Glenda alivumilia, maana alikumbuka kile kiti cha gereji, akajiambia kuwa kelele ni nafuu kuliko kimya. Angejua kilichokuwa kikipikwa, angekirusha kijiko kile dirishani.

Pale Silver Fork, kwenye bustani ya kando ya mto, kuna lango lililojengwa kwa baiskeli kuukuu zilizochomelewa pamoja. Mtu akipata baiskeli mpya, ile ya zamani hupandishwa langoni, Delmar anachomelea, wengine wanamwaga bia kidogo chini, mtu anasema maneno mawili ya kuchekesha na mawili ya kuliza. Ni heshima. Na kinachopanda langoni hakishuki; hiyo sheria haijaandikwa popote, lakini hata watoto wanaijua.

Mwezi wa Juni, siku ya kuadhimisha ndoa yao, Glenda alitoka kazini ana vumbi mpaka kwenye kope, akamkuta Verne anamsubiri nje ya yadi ya kaunti. Verne akamwambia wapite bustanini kidogo. Huko walikuwapo wote wa Jumatano, na pai ya cheri, na bia kwenye ndoo ya barafu. Katikati yao ilisimama baiskeli mpya ya kijani yenye utepe, ya magurudumu ya inchi ishirini na tisa. Fremu ilikuwa ndogo kuliko zote za aina hiyo, lakini magurudumu ni yale yale. Yamesimama chini ya kifremu kile kama viatu vya baba kwenye miguu ya mtoto.

Glenda alifungua mdomo aseme asante, kwa kuwa alilelewa vizuri. Kisha akaona watu wote wanatazama juu, wanatabasamu, wanamngojea naye atazame.

Akatazama. Baiskeli yake nyekundu ilikuwa kileleni mwa lango, imeshachomelewa kwenye fremu na kwenye foki, gurudumu la mbele linazunguka polepole kwa upepo.

"Juu kabisa!" Delmar alisema. "Hakuna aliyewahi kuwekwa juu kabisa, Glenda. Tulipiga kura."

Wote wakapiga makofi. Ione Halvorsen, rafiki yake, nesi wa zahanati, mwanamke mrefu kama mlingoti, alimkumbatia huku analia. Glenda alijikaza kisabuni. Alikula pai. Akaambiwa amwage bia, akamwaga. Hasira alikuwa nayo, lakini utaanzaje kuwakaripia watu waliokupigia kura?

Basi akasema ataijaribu kwa haki. Glenda alikuwa mtu wa haki hata alipokuwa na hasira, jambo ambalo lilimchosha zaidi.

Na haki yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye kile kipande cha chini cha njia, chenye mawe madogo yasiyoisha, ambacho siku zote kilimtikisa mpaka miwani ikamshuka puani, baiskeli ya kijani ilipita kimya. Kwenye mpando wa changarawe tairi lilishika ardhi vizuri. Pale ambapo la zamani lingeserereka, hili liling'ang'ania. Na ukishalipandisha kasi, hasa kwenye tambarare ya malishoni, halitaki kusimama.

"Kwa hiyo umeikubali!" Verne alisema, uso unang'aa.

"Nimesema hayo ni mazuri. Sijamaliza."

Lakini Verne alikuwa ameshampigia simu Delmar.

Mabaya hakuna aliyetaka kuyasikia. Kulianzisha gurudumu lile kutoka kusimama kulikuwa kama kumwamsha ng'ombe aliyelala. Kwenye kona za kukunjana, ambako zamani alikuwa akipita kama anapiga chafya, sasa alihitaji kupanga safari. Akikata usukani, ncha ya kiatu inagonga tairi la mbele. Usukani wenyewe ulimfikia kifuani, akawa anaendesha kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Na baya kuliko yote: kwenye mteremko mkali mpanda baiskeli hurudi nyuma ya kiti, ananing'iniza makalio karibu na gurudumu la nyuma ili uzito usimtupe mbele. Verne mwenye miguu ya twiga alikuwa na nafasi tele pale. Glenda hakuwa nayo. Akirudi nyuma, tairi linamsalimia.

Akiyasema hayo darajani, kila mtu alikuwa daktari.

"Geuza shingo ya usukani, ishuke chini," alisema Delmar, akaigeuza.

"Kata ncha za usukani," alisema mwingine, zikakatwa.

"Weka tairi jembamba nyuma." Likawekwa.

"Mimi niliizoea kwa wiki moja," alisema Ione.

"Ione, wewe ukisimama kituoni ndege wanakutua kichwani."

"Haya, ni kweli. Lakini utaizoea tu."

Utaizoea! Neno hilo Glenda alilisikia mpaka likamkaa kama mchanga kwenye meno. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kule Silver Fork maiti ilikuwa inaambiwa kila Jumatano kwamba kaburi ni zuri, ila inalala vibaya. Na lililomuuma hata usiku si makalio. Zamani kushuka ndiko alikotamba yeye, na Verne alipanda haraka, wakakutana katikati, wakaenda pamoja. Sasa Verne alipanda mbele yake na kushuka mbele yake, na Glenda alipofika chini alimkuta anamsubiri mguu mmoja chini, mkono kiunoni, anatazama saa. Alianza kuwaza aseme tu kwamba goti linamsumbua, abaki nyumbani Jumatano. Wazo hilo lilimjia mara ya kwanza akiwa juu ya greda, na alilitambua: lilikuwa lile lile la kiti cha gereji, ila safari hii atakayekikalia ni yeye.

Likafika lililokuwa likija. Jumatano moja ya Agosti, Glenda alishuka Meno ya Bibi wa mwisho. Aliteremka jiwe la kwanza, la pili, akarudi nyuma ya kiti kama alivyofanya maisha yake yote, na tairi la nyuma likamdaka kaptura. Halikumsalimia safari hii. Lilimvuta. Aliketi juu ya gurudumu linalozunguka, breki ikashikwa, baiskeli ikaenda kulia na Glenda kushoto, ndani ya kichaka cha rasiberi za porini. Alikaa humo kidogo akisikiliza kama kuna kitu kimevunjika. Hakuna. Akatoka, akaiokota baiskeli, akaikokota jiwe kwa jiwe mpaka chini, kaptura imechanika nyuma, miiba kwenye mikono.

Chini walikuwapo Verne, Delmar na Ione.

"Mbona umechelewa?" aliuliza Verne.

Glenda aligeuka akamwonyesha. Delmar aliguna kwa kicheko, akakigeuza kikohozi. Ione akavua koti lake jepesi akamfunga kiunoni.

"Tairi limenila makalio, Verne."

"Ni mkao," Verne alisema. "Nilikwambia. Gurudumu hili halitaki urudi nyuma sana, maana ekseli iko juu zaidi, kwa hiyo wewe tayari uko ndani ya baiskeli, si juu yake. Ukiangalia pembe..."

"Verne."

"...pembe ya mwili na..."

"Verne, nyamaza."

Alinyamaza, lakini kama anavyonyamaza mwalimu anayesubiri darasa litulie. "Nasema tu," aliendelea, "ukitazama kwa ujumla faida zake..."

"Kwa ujumla nani? Mimi si jumla! Mimi ni mtu mmoja, mfupi!" Sauti yake iligonga mawe ikarudi. "Ulimwuliza Delmar. Ulimwuliza Ione. Uliwauliza watu usiowajua kwenye kompyuta, mtu wa Kansas ambaye hata mlima hana, ukamwuliza mkeo apande gurudumu gani. Nani aliniuliza mimi? Mlipiga hadi kura!"

"Kura ilikuwa ya lango," Delmar alisema polepole.

"Delmar, nitakuchomelea na wewe."

Verne alikuwa amekasirika sasa, masikio yamemwiva. "Nilitaka kukusaidia! Unadhani nilifurahi? Viangazi viwili, Glenda, kila nikishuka hapa nakukuta umeipindua baiskeli, unapigana na tairi. Kila Jumatano! Wengine wote wako darajani wanakula, mke wangu amekwama hapa na pampu. Nilijionea haya. Nikasema baiskeli hii itamtesa mpaka lini? Nikanunua nzuri kuliko zote, ili usikwame tena, ili tusiwe tunasimama hapa kila wiki tukikusubiri."

Glenda alimtazama. Delmar akaacha kuchezea kamba ya helmeti yake.

"Verne," alisema. "Lile tairi halikuwa na kitu."

"Halikuwa na kitu vipi? Nilikuona kwa macho yangu unalijaza."

"Nilikuwa nalitoa upepo kwanza."

"Unalitoa... kwa nini?"

Ione alimshika Delmar kiwiko. "Twende tukawashe jiko."

"Wenzetu wameshawasha."

"Delmar. Twende."

Wakaenda. Verne alibaki amesimama, baiskeli yake imemwegemea pajani. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu alizifanya usoni, mtu angeweza kuzisoma: Jumatano moja, na nyingine, na nyingine, yeye akishuka kwa miguu, wa mwisho, na yule mwanamke mfupi pale chini, baiskeli miguu juu.

"Kwani ulikuwa unanisubiri mimi?"

Glenda alikuwa akichomoa miiba mkononi. Alichomoa mwingine, akautupa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungerudi Jumatano iliyofuata?"

Verne alifungua mdomo. Alikuwa na jibu kwa kila kitu kiangazi kile, lenye pembe na duara na uzito. Glenda alingoja alisikie na hili.

"Hapana," Verne alisema.

Aliketi kwenye jiwe. Glenda alitamani kumwonea huruma, ikashindikana. Alikuwa amechukia mno, na sasa ilimbidi agawe chuki yenyewe sehemu mbili, maana sehemu moja ilikuwa yake. Zile inchi tatu alizoongezewa, alizinunua mwenyewe kwa pampu yake, kidogo kidogo, kila Jumatano, kwa uongo wa kumstahi mtu. Mjinga gani anadanganya kwa upole namna hiyo halafu anashangaa akiaminiwa? Na hata hivyo, hata kama tairi lingekuwa bovu kweli, mtu hununua tairi! Nani anakwenda kuchomelea baiskeli nzima?

"Na ile nyekundu tumeichomelea," Verne alisema, kama aliyeyasikia mawazo hayo.

"Mmeichomelea."

"Chuma kimeungua pale. Hata tukiishusha haitapandika."

"Najua. Naendesha greda, Verne, nakijua chuma."

Upepo ulileta harufu ya soseji kutoka darajani. Verne alijisugua magoti. Alimtazama mkewe, akatazama koti la Ione lililofungwa kiunoni, akatazama ile baiskeli ya kijani kama anaiona leo.

"Unataka gurudumu gani, Glenda?"

Swali hilo alilingoja tangu Juni. Alikuwa amelitungia majibu juu ya greda, makali mengine ya kumtoa mtu machozi.

"Sijui," alisema. "Zipo nzuri zake, hizi kubwa. Pale malishoni nilizipenda. Labda nataka dogo lenye breki za kisasa. Labda kuna la katikati. Nataka nijaribu mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka niseme hili. Na wewe hutasema neno."

"Hata moja?"

"Hata moja. Wala usichukue sahani."

Verne aliitikia kwa kichwa. Akasimama, na badala ya kuipanda baiskeli yake akaanza kuikokota, kando ya mkewe, ingawa njia kutoka pale ni laini na mtoto angeteremka. Walikwenda hivyo kimya, baiskeli mbili katikati yao, magurudumu manne makubwa yakilia tiki tiki. Kimya hicho kilimgharimu Verne. Midomo aliibana kama mtu aliyeshika pini kwa midomo. Walipita kona ya kwanza, wakapita ya pili. Pale ambapo moshi wa jiko unaanza kuonekana, akashindwa.

"Hata ile siku ya mvua ya mawe ulikuwa unanisubiri?"

"Hata ile," Glenda alisema. "Na umeshasema neno."